Pete ya Almasi: Kuutambua Ubora na Kuipima Bei ya Haki

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo jijini Dar es Salaam. Yamechapishwa hapa, baada ya kufupishwa kidogo, kwa faida ya walaji wengine.



Nimeombwa niseme juu ya pete ya almasi: mnunuzi asiye sonara ataujuaje ubora wake, na kwa njia gani ataweza kujua kwamba bei anayotajiwa ni ya haki. Yamkini wamo miongoni mwenu wanaojiuliza kwa nini chama cha watu wanaoweka akiba mwezi kwa mwezi kishughulishwe na habari za almasi. Jibu ni kwamba malalamiko ya vito hayaletwi na matajiri. Tajiri ana sonara wake wa miaka mingi, na akidanganywa humalizana naye kimya kimya. Anayeumia ni kijana aliyekopa ili apose kwa heshima, au mume aliyetaka kumtunza mkewe baada ya miaka ishirini ya ndoa, ambaye hununua kitu cha namna hii mara moja tu maishani. Mtu huyo hana nafasi ya kujifunza kwa kurudia.

Kabla ya kuingia dukani, kuna zoea moja ambalo napenda tuliache mlangoni. Mama zetu na bibi zetu waliijua dhahabu. Bangili, kipuli na mkufu vilikuwa pambo, lakini vilikuwa pia benki ya mwanamke. Siku ya shida kitu kilipelekwa kwa sonara, kikawekwa kwenye mizani, kikalipwa kwa bei ya siku ile, na kilichopotea kilikuwa ni ujira wa kazi ya mkono na faida ya mnunuzi. Busara hiyo ni sahihi kabisa kwa dhahabu. Kosa tunalolifanya ni kuihamishia kwenye almasi. Gramu moja ya dhahabu safi ni sawa na gramu nyingine yoyote ya dhahabu safi, iwe Geita au Dubai. Almasi haiko hivyo. Almasi mbili za uzito ule ule zaweza kutofautiana bei mara kumi, na zote mbili zikawa almasi za kweli. Hakuna bei moja ya dunia ya karati ya almasi kama ilivyo bei ya wakia ya dhahabu.

Kwa hiyo pete ya almasi isinunuliwe kama kitu kimoja. Ndani yake mna vitu vitatu vinavyouzwa pamoja: dhahabu, kito na kazi ya fundi. Muuzaji akikutajia bei moja tu ya jumla, mwombe kwa adabu akuvunjie bei hiyo katika mafungu hayo matatu. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, kwa kuwa yeye mwenyewe amekwisha kupiga hesabu hiyo.

Nianze na dhahabu, kwa sababu ndiyo nyepesi. Hapa lugha yetu imetuwekea mtego mdogo, maana neno karati lina kazi mbili. Kwa dhahabu, karati ni kipimo cha usafi. Dhahabu safi ni karati 24. Pete iliyogongwa muhuri wa 750 kwa ndani ina sehemu 750 za dhahabu katika kila sehemu 1,000, nayo ndiyo karati 18. Muhuri wa 585 ni karati 14, wa 375 ni karati 9, na wa 916 ni karati 22. Kwa kito, karati ni uzito: karati moja ni gramu 0.2, nayo hugawanywa katika pointi 100, hata kito cha nusu karati kikaitwa cha pointi 50. Wako watu waliotoka dukani wakiamini wamenunua almasi ya karati 18. Almasi ya mviringo yenye uzito huo ingekuwa na upana wa karibu milimita 17, na mwenye nayo asingekuwa hapa asubuhi hii akinisikiliza mimi.

Hesabu ya dhahabu ni hii. Bei ya dunia hutajwa kwa wakia, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1. Tuchukue namba nyepesi kwa ajili ya mfano tu: wakia ikiwa dola 3,110, gramu ya dhahabu safi ni dola 100. Pete ya karati 18 yenye gramu 4 ina gramu 3 za dhahabu safi, kwa hiyo dhahabu yake ni dola 300. Kito chenyewe hakitaiharibu sana hesabu hiyo, kwa kuwa hata almasi ya karati moja ni gramu 0.2 tu. Fanya hesabu hii kwa bei ya siku unayonunua, ukiwa na simu yako mkononi. Ukiona pete nzima inauzwa kwa shilingi milioni kadhaa, na dhahabu yake haifiki hata robo ya bei, utaelewa mara moja kwamba fedha zako zote zinakwenda kwenye kito na kazi, na kwamba maswali yako yote yanapaswa kuelekea huko. Juu ya dhahabu nyeupe nitasema neno moja tu: weupe wake aghalabu ni tabaka jembamba la madini ya rodiamu, na baada ya miaka michache ya kuvaliwa hufifia. Ulizia gharama ya kulirudishia.

Sasa kito. Wafanyabiashara wa dunia nzima huipima almasi kwa sifa nne: uzito, ukataji, rangi na usafi. Utaratibu unaotumika zaidi ulitungwa na taasisi ya Marekani iitwayo GIA, iliyoanzishwa mwaka 1931, na maabara nyingine nyingi hufuata njia hiyo hiyo au inayofanana nayo. Muuzaji atapenda kuanza na uzito. Mimi nitaanza na ukataji, kwa sababu ndio unaofanya almasi ing'ae, na ndio mnunuzi anaousahau.

Almasi ghafi hufanana na kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga wa pwani. Mng'ao wake hutokana na mkono wa mkataji. Almasi ya mviringo ya kawaida hukatwa nyuso 57 au 58, na pembe za nyuso hizo zimepangwa ili mwanga uingie kwa juu, ugonge tumbo la kito, kisha urudi juleni machoni mwa mtazamaji. Mtaalamu Marcel Tolkowsky alichapisha hesabu za pembe hizo mwaka 1919, nazo bado ni msingi wa kazi hiyo. Kito kikikatwa kifupi mno, mwanga hupenya chini ukapotea, na ukikitazama kwa juu utaona duara la kijivu ndani yake, ambalo masonara huliita jicho la samaki. Kikikatwa kirefu mno, katikati huonekana pana doa jeusi. Kwa nini mkataji afanye kazi mbaya namna hiyo? Kwa sababu almasi huuzwa kwa uzito. Akikiacha kito na tumbo kubwa, hubakiza uzito ambao angeupoteza kwa kukikata vizuri. Uzito huo umefichwa chini ya pete. Wewe utaulipia, lakini hutauona.

Kuna kipimo rahisi cha kuugundua ujanja huo. Almasi ya mviringo ya karati moja iliyokatwa vizuri ina upana wa karibu milimita 6.5, na ya nusu karati karibu milimita 5.1. Mwombe sonara apime upana huo mbele yako. Ukiambiwa ni karati moja na upana haufiki hata milimita 6, jua kwamba sehemu ya fedha zako imekaa tumboni. GIA huupa ukataji wa almasi za mviringo ngazi 5, na ngazi ya juu kabisa huandikwa Excellent. Kwa maoni yangu, mwenye fedha za kadiri ni heri apunguze uzito kuliko kushuka sana katika ngazi hizo.

Tena usikitazame kito chini ya taa za dukani peke yake. Taa zile ndogo kali zimewekwa makusudi, na chini yake hata kioo cha chupa huwaka kama nyota. Omba usogee nacho dirishani, kisha mahali penye kivuli. Almasi iliyokatwa vyema huendelea kuishi kivulini. Kama muuzaji hataki kito kiondoke chini ya taa zake, umekwisha kujifunza jambo.

Rangi hupimwa kwa herufi kuanzia D hadi Z. Hakuna A, B wala C. Waliotunga kipimo hicho waliziruka ili kisichanganywe na vipimo vya zamani. D ni maji matupu, na kadiri herufi zinavyoshuka ndivyo kito kinavyoingiwa na umanjano au ukahawia. Tofauti ya herufi mbili jirani haionekani kwa macho ya kawaida, lakini kwenye bei inaonekana sana. Kuanzia G hadi J kito hukaribia kutokuwa na rangi, na kikiwekwa kwenye dhahabu ya njano, umanjano mdogo humezwa na dhahabu yenyewe. Kumlipia D mtu atakayevaa pete ya dhahabu ya njano ni kama kununua shuka la hariri la kutandika chini ya mkeka. Rangi kali na adimu, kama waridi na buluu, zina biashara yake nyingine kabisa. Nchi yetu inaijua: mwaka 1947 huko Mwadui, Shinyanga, ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo John Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi, nayo ilipokatwa ikabaki karati 23.6. Hiyo si almasi ya kuulizia bei madukani.

Usafi nao una ngazi 11, kuanzia kito kisicho na dosari yoyote hadi kile ambacho dosari zake zinaonekana wazi. Hupimwa kwa lenzi inayokuza mara 10, wala si kwa macho matupu. Hapo ndipo pana nafasi ya kuokoa fedha. Herufi utakazoziona kwenye ripoti ni FL na IF kwa juu, kisha VVS, VS, SI na mwisho I, baadhi zikifuatwa na namba. Kito cha VS2, na mara nyingi cha SI1, hakionyeshi kitu kwa jicho la kawaida. Atakayevaa pete hatatembea na lenzi, wala wifi zake hawatakuwa nayo. Ngazi za I zinataka tahadhari, kwa kuwa ufa mkubwa karibu na ukingo waweza kukifanya kito kivunjike kikigongwa. Almasi ni ngumu kukwaruzika kuliko vitu vyote vya asili tuvijuavyo, lakini haikatai kupasuka. Kadhalika, wapo wanaojaza nyufa kwa kioo ili zisionekane. Dawa hiyo haidumu. Siku sonara atakapoipasha pete moto ili kuitengeneza, kioo kitaharibika na nyufa zitarudi. Uliza waziwazi: je, kito hiki kimejazwa nyufa, kimetobolewa kwa leza, au kimebadilishwa rangi? Jibu liandikwe.

Uzito nimeuacha nyuma, ingawa ndio unaotangazwa kwa sauti kubwa. Jambo la kushika ni kwamba bei ya karati haipandi kwa usawa. Almasi moja ya karati moja huuzwa kwa bei inayozidi sana bei ya almasi mbili za nusu karati zenye sifa zile zile, kwa kuwa mawe makubwa ni adimu. Tena bei huruka ghafla kwenye namba ambazo watu wanazipenda, kama 0.50 na 1.00. Kito cha karati 0.92 na cha karati 1.00 havitofautiani kwa jicho. Upana wao unapishana kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Bei zao zinapishana kwa kiasi cha kulipia ukumbi. Anayenunua chini kidogo ya namba hizo hununua uzuri ule ule.

Nitoe sasa mfano wa aina ya shauri linaloweza kumfika mtu yeyote. Kijana anaona tangazo: pete ya almasi, karati moja, bei nafuu kuliko maduka yote. Ananunua, anaposa, mambo yanakwenda vema. Miezi kadhaa baadaye anaipeleka kwa sonara mwingine kuipunguza, naye anamwambia kwamba kito cha katikati ni karati 0.30, na vijialmasi vilivyozunguka ndivyo vinavyokamilisha ile karati moja. Kijana anarudi dukani akiwa amewaka. Muuzaji anamwonyesha risiti: imeandikwa karati moja, uzito wa jumla. Neno jumla ndilo lililobeba udanganyifu wote, na liliandikwa kwa herufi ndogo. Vijialmasi vya pointi mbili tatu ni rahisi sana kwa karati ukivilinganisha na kito kimoja kikubwa, kwa hiyo bei ile iliyoonekana nafuu huenda ilikuwa ghali. Daima uliza uzito wa kito cha katikati peke yake, kisha uzito wa vingine peke yake.

Sasa nafika mahali ambapo fedha nyingi zaidi zinapotea siku hizi, nami nitakaa hapo kidogo. Yapo mambo matatu ambayo watu huyachanganya: almasi ya asili, almasi ya maabara, na kito kisicho almasi kabisa.

Visivyo almasi ni kama kioo, zirkonia na moisanaiti. Zirkonia ni nzito kuliko almasi. Ya upana wa milimita 6.5 hukaribia kuwa na uzito wa karati 1.65, kwa hiyo kikiwa hakijafungwa kwenye pete, mizani humfichua. Moisanaiti ina mng'ao wa rangi nyingi kupita kiasi, na ukiitazama kwa lenzi kwa upande, mistari ya nyuso za nyuma huonekana miwili miwili. Kalamu ya kupimia almasi inayotumiwa na masonara wengi hupima jinsi joto linavyopita katika kito. Itaikataa zirkonia na kioo, lakini moisanaiti yaweza kuipita, kwa kuwa nayo hupitisha joto vizuri. Ndiyo sababu kukawa na vipimo vingine vinavyopima umeme. Majaribio ya nyumbani, kama kukipulizia kito pumzi, kukitia kwenye maji, au kukwaruza kioo cha dirisha, yasikupe uhakika wowote. Vito vingi vinakwaruza kioo, na katika jaribio hilo kitakachoharibika kwa hakika ni dirisha.

Almasi ya maabara ni jambo jingine. Hiyo ni almasi kweli: ni kaboni ile ile, ugumu ule ule, mng'ao ule ule. Tofauti ni kwamba ya asili iliumbika chini sana ardhini kwa mamilioni ya miaka, na ya maabara imekuzwa katika mashine kwa muda wa wiki chache. Jicho haliwezi kuzitofautisha, lenzi haiwezi, na kalamu ya joto haiwezi. Zinatambuliwa kwa mitambo maalumu ya maabara. Sina neno na anayezinunua akijua anachonunua. Mtu anayetaka kito kikubwa na kizuri kwa fedha kidogo amefanya uchaguzi wa busara. Shida ni bei. Mwaka 2018 kampuni ya De Beers ilianza kuuza almasi za maabara kwa dola 800 kwa karati, bei iliyoonekana ya chini sana wakati huo. Tangu hapo bei za almasi hizo zimeporomoka zaidi, hata mwaka 2025 kampuni hiyo ikatangaza kuifunga biashara hiyo ya mapambo. Mashine zinaongezeka, na kitu kinachoweza kutengenezwa bila kikomo hakiwezi kushikilia bei. Kwa hiyo anayeuziwa almasi ya maabara kwa bei ya almasi ya asili ameibiwa kama vile angeibiwa mfukoni, hata kama kito chake ni almasi. Ukikuta kito kikubwa, cheupe, safi, cha bei ya kushangaza, swali la kwanza liwe hilo: ni ya asili, au ya maabara? Usiridhike na jibu kwamba ni almasi halisi. Neno halisi muuzaji aweza kulitumia kwa zote mbili.

Njia inayomfaa mnunuzi wa kawaida ni ripoti ya maabara isiyo ya duka. GIA ni mojawapo. Zipo pia IGI na HRD Antwerp. Ripoti hutaja uzito, vipimo kwa milimita, rangi, usafi, matengenezo yaliyofanywa kwenye kito, na kama kilikuzwa maabarani. Maabara hazilingani kwa ukali, na kito kilichopewa G mahali pamoja chaweza kupewa H au I mahali pengine, kwa hiyo linganisha ripoti za maabara moja. Ripoti haitaji bei. Karatasi ya duka inayosema kwamba pete hii thamani yake ni mara mbili ya unachoilipia si ripoti. Ni tangazo lililopigwa mhuri.

Kuwa na ripoti hakutoshi, kwa sababu karatasi ya kweli yaweza kuambatanishwa na kito kingine. Almasi nyingi zenye ripoti huchongwa namba ndogo sana kwa leza kwenye kiuno cha kito. Mwombe sonara akuonyeshe namba hiyo kwa lenzi, uisome kwa macho yako, kisha uitafute kwenye tovuti ya maabara yenyewe, si kwa kiungo ulichotumiwa na muuzaji. Linganisha na vipimo vya milimita pia, kwa kuwa imewahi kutokea namba ya almasi ya asili ikachongwa kwenye almasi ya maabara. Kwa vito vidogo sana gharama ya ripoti huzidi faida yake. Hapo utategemea uaminifu wa duka na maandishi ya risiti. Hapa nchini, Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha, chini ya Wizara ya Madini, hufundisha utambuzi na ukataji wa vito, na sonara au mthamini aliyesomea fani hiyo hatakosa kukwambia alikosomea.

Baadhi yenu mtaonyeshwa cheti cha Kimberley. Utaratibu huo ulianza mwaka 2003, na Tanzania ni mshiriki wake. Lakini cheti cha Kimberley huhusu shehena za almasi ghafi zinazovuka mipaka, ili zisiwe zile zinazogharimia vita vya waasi. Hakitolewi kwa pete moja moja, wala hakisemi lolote juu ya ubora. Anayekupa cheti hicho pamoja na pete, ama hakielewi au anatumaini wewe hukielewi.

Na kwa kuwa tuna Mwadui, watu hudhani kuwa almasi hapa lazima iwe rahisi, na matapeli hulitumia dhana hiyo. Mtu hukufuata na kijiwe kilichofungwa kwenye karatasi, akisema kimetoka mgodini na ana shida ya haraka. Sheria ya Madini, Sura ya 123, inamtaka anayefanya biashara ya madini awe na leseni. Ukinunua jiwe hilo utakuwa huna kito, huna fedha, na waweza kuwa na kesi. Safari ya kweli ya almasi ni ndefu. Sehemu kubwa ya almasi za dunia hukatwa katika mji wa Surat, India, ndipo zikasambazwa tena, kwa hiyo ukaribu na mgodi haupunguzi bei ya pete.

Basi bei ya haki huipataje? Andika sifa unazozitaka kwenye karatasi: kito cha asili au cha maabara, uzito wa kito cha katikati, ngazi ya ukataji, rangi, usafi, jina la maabara, na karati na gramu za dhahabu. Nenda nayo maduka matatu, uombe kila moja likuandikie bei ya kitu hicho hicho. Kisha tazama bei za almasi zenye ripoti na sifa kama hizo kwa wauzaji wa nje wanaozitangaza hadharani, ukikumbuka kwamba duka la hapa linabeba ushuru, kodi, pango na faida yake ya halali. Bei ikizidi nyingine kidogo, uliza sababu. Huenda ni huduma nzuri zaidi. Ikiwa chini ya nyingine kwa nusu, usifurahi upesi, bali soma tena karatasi yako uone ni sifa ipi iliyobadilishwa. Pengine muuzaji atakufunulia orodha ya Rapaport, ambayo wafanyabiashara wameitumia tangu mwaka 1978, na kukwambia anakuuzia chini ya bei ya orodha. Haijakusaidia sana, wao kwa wao huuziana chini ya bei hizo mara nyingi.

Hili la kwamba pete ya uchumba ilingane na mishahara ya miezi miwili nimelisikia hata katika vikao vya harusi, likisemwa kana kwamba ni mila. Halikutoka kwa wazee wa kabila lolote. Lilitoka kwenye matangazo ya wauza almasi.

Swali lililoletwa kwa maandishi kabla ya mkutano lilikuwa hili: pete ya almasi ni akiba? Kwa sehemu ya dhahabu, ndiyo, kwa kiasi cha gramu zake. Kwa kito, hapana. Siku utakapoirudisha sokoni, faida ya duka na kodi ya ongezeko la thamani havirudi, na mnunuzi wa mkono wa pili atalipa chini sana ya ulicholipa, kwa kuwa yeye aweza kupata kito kama hicho kwa bei ya jumla. Kwa almasi ya maabara pengine hatataka kuinunua kabisa. Mwenye akiba ya dharura ya kuweka, asiiweke kwenye kidole.

Ukiisha kuchagua, risiti ndiyo ngao yako. Dai risiti ya mashine ya EFD, na pamoja nayo hati ya duka inayoeleza sifa zote nilizozitaja, namba ya ripoti, kama kito ni cha asili au cha maabara, na masharti ya kurudisha. Risiti iliyoandikwa "pete moja ya almasi" haimsaidii mtu mbele ya afisa wala mbele ya hakimu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa, na malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Kama tatizo ni mizani iliyopima dhahabu, basi yapelekwe Wakala wa Vipimo. Mwandikie muuzaji kwanza, umpe nafasi ya kujibu, na utunze nakala. Njoo na risiti, ripoti, tangazo lililokuvuta kama bado unalo, na pete yenyewe kama ulivyoichukua. Ukitaka sonara wa pili aikague, aikague mbele yako kito kikiwa bado kimeshikwa na makucha yake. Kikishang'olewa na kurudishwa, muuzaji wa kwanza atasema kwamba kilichomo sasa sicho alichokuuzia, na itakuwa vigumu kumwonyesha kwamba ndicho.